Mshale Umelala, Sauti Bado Inaita

SUMBAWANGA, Juni 1977

Ukungu bado umeukalia uwanja wa ndege, na ndani ya ghala helikopta inanguruma bila kwenda popote. Si helikopta hasa. Ni kibanda cha mbao chenye kiti, usukani na vipaza sauti, ambamo vijana wa kusaka nzige wa Bonde la Rukwa hufundishwa kabla ya kurushwa angani.

Mlangoni amesimama Ndugu Wilibrodi, mkaguzi wa usalama, ndani ya koti zito, kipimo cha kelele mkononi. Mshale ukipita desibeli mia, anazima, hata kama mkubwa wake ananuna.

"Kelele haimwagi damu," anasema. "Ingemwaga, watu wangeiogopa."

Kwake majuto yalikuwa mjukuu. Aliruka na helikopta za kusaka nzige miaka mingi, masikio wazi, maana kujifunika kulionekana uoga. Sasa injini ikizimwa, marehemu mkewe, Marsiana, humwita kwa jina upande wa kushoto.

Daktari alimwambia ni sikio lililoumia, linajisemea lenyewe. Wilibrodi hakubisha. Lakini mama yake alimlea na onyo moja: ukiitwa na usiyemwona, usiitike.

Basi sauti ikija, huinua kipimo hadi sikioni.

"Mshale ukilala, najua ni sikio tu. Naomba Mungu usiamke, ndugu mwandishi. Siku nyingine naomba uamke. Nimemkumbuka mno."

Leo kibandani yumo Bertilla, binti wa wakulima wa ulezi. Ngurumo inakoma, anatoka, vifunika masikio vikining'inia shingoni. Alivivua, anakiri, ili amsikie vizuri mwalimu wa urubani.

"Baba," ananong'ona, "nani yule ananiita?"

Wilibrodi anasogeza kipimo sikioni mwa binti. Mshale umelala.

"Umeitika?"

"Hapana, baba. Ni sauti ya bibi. Na bibi tulishamzika."

Wilibrodi anafunga kibanda kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

"Ni sikio, mwanangu. Ukilipumzisha litapona. Langu sikulipumzisha."

Wakuu wanataka vijana wamalize mafunzo kabla nzige hawajaruka. Watasubiri, anasema. Kwanza kuta zijazwe mablanketi na makapi ya ulezi, na vipaza sauti vipunguzwe.

"Mwambie mama yako aniwekee makapi yote," anamwagiza Bertilla. Kisha ananigeukia. "Nataka huyu mtoto aitwe na walio hai tu."

Tunatoka nje kwenye baridi. Njiani anasimama ghafla, anainamisha kichwa kushoto, anasikiliza kwa muda. Haitiki.