Kona ya Baraza

Nilikuwa na maneno yangu niliyoyapenda, nikiyasema kila mteja akikaa kidogo dukani: "Mi sikushikwa mukono na mutu. Nilianza na sindano na uzi." Walahi, niliyaamini. Duka langu la vitenge lilikuwa Asiatique, mtaa wa maduka pale mjini, na vita ilikuwa imeingia mwaka wake wa tatu.

Siku moja akaja mama mmoja, fundi wa nguo, amejitwika cherehani kichwani. Mtaa wao ulikuwa umechomwa, sasa analala na watoto chini ya turubai, kambini, ambako hakuna mwenye kitambaa cha kushonesha.

"Kona tu ya baraza, patroni," akaniambia. "Mashine ni yangu, na kiti nitaleta. Watu wakinunua kitambaa kwako, mi nashona."

Hakuomba jambo geni. Kila duka la vitambaa mjini lilikuwa na fundi wake barazani, wala hatozwi kitu, kwa kuwa fundi mzuri huvuta wanunuzi. Nani alilijua hilo kunishinda mimi? Baraza hiyohiyo niliikalia nikishona miaka minane, duka likiwa la mzee mmoja. Vita ilipoanza, yule mzee akapanda meli bandarini kwenda Kigoma, akaniachia funguo na mali yote rafuni. "Uza, tutaonana," akasema. Hakurudi. Haya, sasa nitafutie huyo mzee katika hadithi yangu ya sindano na uzi! Hayumo. Wala sikumficha, nilikuwa nimemsahau kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

"Apana, mama," nikamjibu. "Nikikupa weye, kesho watakuja kumi. Jitegemee. Mi nani alinisaidia?"

Nilisema kwa sauti, wateja wasikie. Akainama, akajitwika mashine yake tena, mimi nikaendelea kupima kitambaa.

Baada ya majuma machache akarudi. Mvua ilikuwa inapenya turubai, chuma kimeanza kushika kutu, na mtoto wake mdogo anaumwa, dawa hakuna. Safari hii hakuomba kona. Alikuja kuniuzia mashine. Nami, Mungu anisamehe, nikazungusha gurudumu lake, nikamwonyesha ile kutu kwa kidole, nikateremsha bei mpaka nikaona aibu usoni mwake badala ya kuiona kwangu. Akakubali.

Mtoto alipona. Mwezi uliofuata mama akaja kuomba kazi, nikampa. Nikamweka barazani, kona ileile aliyoiomba, mbele ya mashine ileile, ila sasa nusu ya pato la ushonaji ilikuwa yangu. Alishona pale miaka minne. Wanunuzi waliongezeka, kama alivyoniambia, na mimi nikapaka duka rangi.

Kuna mteja mmoja alikuja kuchukua gauni la harusi ya binti yake. Akaligeuza huku na huku, akausifu mshono, kisha akamuuliza yule mama mashine nzuri namna hiyo aliipata wapi.

"Ni ya patroni," akajibu, macho kwenye kitambaa. "Ni yeye alinisaidia."

Mteja akanigeukia kwa heshima, mkono kifuani. "Mungu akuzidishie, baba. Watu kama weye wamebaki wachache."

Mama alikuwa ameacha kukanyaga mashine. Alikuwa anasikiliza nitasema nini.

Nikasema, "Amina."