Nilivyopanda pikipiki Kasongo hadi Kabambare kutafuta rejea moja tu ya makala yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Kasongo, Maniema. Mnaosoma huku mnakunywa chai, wekeni kikombe chini kidogo. Sitaongeza chumvi kwenye hii stori, matope ya njiani yenyewe yanatosha.

Mimi ni mwalimu mdogo kwenye chuo kimoja cha kilimo hapa. Cheo chetu kinaitwa assistant: kazi nyingi, sifa chache.

Mwaka jana mimi na profesa wangu tulituma makala kwenye jarida la kisayansi la nje. Ilihusu kuoza kwa mizizi ya mihogo huku kwetu. Makala yangu ya kwanza maishani! Nilikuwa nimeshaanza kutembea kifua mbele.

Majibu yakaja. Reviewers, wale wataalamu wanaokagua makala, wameipenda, lakini mhariri ameirudisha kwa sababu ya rejea. Majina niliyotaja ndani ya maandishi hayalingani na orodha ya mwisho. Na rejea moja haina mwaka, haina chuo, haina kurasa.

Rekebisha ndani ya siku saba, la sivyo makala inaondolewa.

Nikafungua orodha. Wakuu, niliona aibu peke yangu chumbani.

Sisi Wakongo jina la ukoo linatangulia, linafuata la pili, halafu la ubatizo au la dini linakuja mwisho. Ile software ya bure niliyotumia inajua kitu kimoja tu: jina la mwisho ndilo la ukoo. Basi wasomi wetu wote wakageuzwa. Jean, Jean, Joseph, Pierre, Pierre... Orodha nzima ilikuwa kama daftari la ubatizo la parokia.

Na mimi mjuaji sikukagua. Nilibonyeza, nikatuma.

Chini kabisa, wa mwisho wa wote, palikuwa na neno moja: Zaituni.

Huyu Zaituni alikuwa mbele yangu mwaka mmoja chuoni. Kwa ajili ya mémoire, ile kazi ya kumalizia masomo, alizunguka mashamba ya Kabambare na Lusangi kwa miguu akihesabu mihogo iliyooza. Wakati huo hakuna aliyejali. Alipomaliza alirudi kwao Kabambare, akafungua duka. Nakala ya maktaba yetu ililiwa na mchwa. Mimi nilibaki na takwimu zake nilizonakili kwenye daftari nikiwa mwanafunzi, na juu yake nimeandika Zaituni tu.

Nikampigia profesa, yuko Kindu. Akajibu kwa utulivu kabisa:

"Utoe tu ile ya Zaituni. Référence moja haiuwe mutu."

Hapo nilikasirika, nakiri. Makala yetu inasema ugonjwa ulikuwepo kabla hatujaanza kupima. Aliyeuona ni yeye. Tukimfuta, sisi ndio tunaonekana wa kwanza. Huo ni wizi, hata kama umevaa tai.

Simu ya Zaituni haikupatikana. Asubuhi nikatafuta mtu wa pikipiki, kompyuta nikaifunga kwenye plastiki mbili, safari.

Njia ya Kabambare wanaoijua wanaijua. Kuna mahali pikipiki inakubeba, na kuna mahali wewe unaibeba. Nilianguka mara mbili. Kompyuta haikuanguka hata mara moja, maana niliikumbatia kuliko roho yangu.

Nilimkuta dukani kwake, kati ya sabuni, chumvi na betri. Nikamweleza. Akaniangalia matope kutoka kichwani hadi miguuni, akacheka mpaka mteja akaacha kuhesabu betri.

"Weye Assistant! Umetoka Kasongo na piki juu ya jina tu?"

"Juu ya jina lako, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa.

Akaingia ndani, akarudi na mémoire yake imefungwa kwenye kitambaa, imetoka kwenye sanduku la bati. Haina hata tundu la mchwa. Kwenye jalada: KITENGE MWAMBA Zaituni. Mwaka upo, chuo kipo, kurasa zipo.

Nilitaka kupiga picha jalada nikimbie. Yeye akasema hapana, onyesha kwanza mulichoandika.

Nikafungua kompyuta juu ya meza ya duka. Akasoma taratibu, kidole kwenye kioo. Ghafla kidole kikasimama.

"Iyi namba haiko ya Kabambare. Iko ya Lusangi. Mi njo nilihesabu, mvua ikininyeshea."

Tukafungua jedwali lake. Kweli! Nilipokuwa mwanafunzi nilinakili mstari wa chini nikadhani ni wa juu. Profesa hakuona. Reviewers hawakuona. Muuza sabuni ameona!

Kumbe ningemfuta kama nilivyoshauriwa, kosa lingebaki ndani ya makala, na jina langu juu yake.

Basi tulikaa pale siku nzima. Yeye anasoma majina kwa sauti, mimi nageuza moja moja kwa mkono: ukoo mbele, lile la ubatizo herufi ya kwanza tu. Mteja akija, anauza kipande cha sabuni, anarudi: "Tulifika kwa nani?" Kila jina kwenye maandishi tulilitafuta kwenye orodha, na kila la orodha kwenye maandishi. Nilituma siku ya sita, kwenye kilima chenye mtandao.

Na profesa? Nilimsomea lile jedwali kwenye simu. Akasema, "Umwachie pale pale." Namheshimu kwa hilo.

Wakuu, IMEKUBALIWA! Imetoka! Niliruka mpaka majirani wakadhani nimepata mtoto.

Nilichojifunza: wengi tunachukulia rejea kama pambo la mwisho, tunaiachia mashine. Rejea ni njia ya kurudi kwa mtu aliyetangulia. Mrudie, anaweza kukuokoa. Na orodha ikague kwa macho yako, hasa kama majina yenu yanapangwa kama yetu.

Wenzangu mnaoandika makala, software imewahi kuwabatiza upya? Semeni humu, msinicheke peke yangu.

Nimalizie na hili. Nilimtumia Zaituni ukurasa wa rejea. Akaenda moja kwa moja chini kabisa, kwenye Z, akajikosa. Nikamwambia panda juu, tafuta K.

Baada ya muda ikaja sauti yake:

"Nimejiona! Haniko tena mwisho. Niko katikati ya maprofesa."