Mume wa Mama Yangu na Mechi ya Ziada

Mwanangu alifika nyumbani kabla ya Krismasi, akaweka begi lake chini ya ngazi, na hakulifungua. Nyumba yetu ya Germantown ni nyembamba na ndefu, imeshikana na za jirani pande zote mbili, na ngazi ndiyo njia ya kila kitu. Kwa siku kadhaa mimi na mke wangu tuliliruka begi lile tukienda jikoni na tukirudi, na hakuna aliyesema liondolewe. Maadamu lilikuwa halijafunguliwa, alikuwa bado hajaamua.

Nieleze jambo lenyewe, maana nilipokuja Amerika hata mimi sikulijua. Mwanangu alikuwa akicheza mpira wa Kimarekani katika chuo kikuu kimoja cha kusini. Mchezo huo niliujifunza kwa vitabu vya maktaba, kama nilivyojifunza umeme, ukurasa kwa ukurasa, nikichora kwa penseli nani anasimama wapi na kwa nini. Msimu wa vyuo ukimalizika, timu zilizofanya vizuri hualikwa kucheza mechi moja ya ziada, mara nyingi katika mji wenye joto. Wenyewe huiita mechi ya bakuli, kwa sababu ya umbo la viwanja vya zamani. Mechi chache kati ya hizo huamua ubingwa. Zilizobaki hazibadilishi kitu isipokuwa heshima. Kisha, mwezi wa nne, timu za kulipwa huchagua vijana zinaowataka, na kijana aliyevunjika goti katika mechi ya ziada anaweza kuachwa. Ndiyo maana siku hizi wengi wanaotarajiwa kuchaguliwa huaga wenzao, hushukuru, na kurudi nyumbani kulinda miguu.

Mwanangu alikuwa mmoja wa wanaotarajiwa. Alikuwa ametuambia kwamba amejitoa. Lakini kocha alimwambia kiti chake kwenye ndege kipo mpaka siku ya kuondoka, na siku hiyo ilikuwa haijafika.

Mimi nilitaka asicheze. Kazi yangu ni kutunza mitambo ya kupasha joto na kupoza hewa katika jengo la ofisi huko Fairfax, na katika kazi hiyo mkanda wa mashine hubadilishwa kabla haujakatika, si baada. Nilimweleza hivyo mezani. Nilimwonyesha kwamba anachoweza kupoteza ni kikubwa na anachoweza kupata ni picha ya pamoja na kombe la kioo. Alitikisa kichwa kukubali, akanishukuru, akarudi kwenye simu yake.

Hoja yangu ilikuwa safi. Sikuwa na hoja peke yake, hata hivyo. Nyuma yake kulikuwa na fimbo ya baba yangu.

Baba alikuwa winga wa timu ya kiwanda cha chai, kule juu kwenye baridi ya Limuru. Kabla sijazaliwa, klabu moja ya Nairobi ilimwita. Alipokuwa akijiandaa kwenda, wenzake wa kiwandani walimwomba acheze mechi ya kuwaaga, dhidi ya shamba la jirani. Hakukuwa na kombe. Alicheza, na katika kipindi cha pili goti lake lilivunjika kwenye tope, na aliyelitengeneza hakulitengeneza sawasawa. Hakwenda Nairobi. Alipima majani ya chai mpaka alipostaafu. Nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso: mguu, mguu, fimbo, juu ya sakafu ya saruji, akitoka kukamua asubuhi. Habari ya mechi ile tuliisikia kwa watu. Yeye hakuisema hata mara moja. Redio ikianza kutangaza mpira, alitoka nje kuangalia ng'ombe, na tulisikia fimbo ikizunguka nyumba mpaka matangazo yaishe.

Alikufa kabla mwanangu hajazaliwa. Na kwetu Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na halitolewi kama shati lililobaki. Mwenye jina mwenyewe hurudi nalo. Kwa hiyo mama yangu amemwita mwanangu "mume wangu" tangu akiwa kwenye nepi, na mimi humwita "baba". Tulipokwenda likizo, mama alimdai sukari na leso mpya, kama mume anavyodaiwa, na mtoto tulimfundisha kujibu, "Nitakuletea, mke wangu," na nyumba nzima ikacheka. Huo ni utani, lakini kila anayecheka anajua kwamba si utani mtupu.

Jumamosi ya wiki hiyo rafiki yangu alikuja kutoka Manassas. Ni Mtanzania, mtu wa Tanga, dereva wa ubalozi, na hajawahi kuingia kwangu mikono mitupu. Alikuja na maandazi ya mkewe na akaanza kabla hajavua koti.

"Hebu nieleweshe, bwana mkubwa. Timu imealikwa?"

"Imealikwa."

"Kijana ni mzima?"

"Mzima."

"Halafu hachezi." Alimgeukia mwanangu, aliyekuwa amejaza kochi lote. "Anko, yaani harusi imefika, ukumbi umepambwa, wewe bwana harusi unasema unalinda suti?"

Mwanangu alicheka. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na hata siku hiyo alijibu hivyo. Alisema suti yenyewe bado ni ya kuazima.

"Ndiyo maana inalindwa," nilisema.

"Ninyi Wakenya mnapigia hesabu mpaka kupiga chafya. Kwetu mchezaji akikataa fainali tunamtafutia mganga."

"Si fainali."

"Haya, si fainali." Alichagua andazi, akalitazama, akalirudisha. "Na yule rafiki yake mrushaji? Yule aliyekula ugali hapa akaunguza vidole?"

Tulimkumbuka sote. Mrushaji wa timu yao alikuja kwetu sikukuu ya shukrani ya Novemba, akala kwa mkono kwa sababu sisi tulikula kwa mkono, akalala kwenye kochi lile lile miguu ikining'inia. Katika mchezo huu mrushaji husimama akitazama mbele, kutafuta wa kumtupia mpira. Anayemjia kutoka nyuma ya bega lake la kushoto hamwoni. Kazi ya mwanangu ilikuwa kusimama upande huo. Kwa misimu mitatu alikuwa macho ya mwenzake ya upande wa kushoto.

"Sasa mgongo wake ataulinda nani?" rafiki yangu aliuliza, na hakuwa akitania tena.

Mwanangu alisema kuna kijana wa mwaka wa kwanza. Alisema ni kijana mzuri. Kisha akainuka akapanda juu, na rafiki yangu akanitazama kama mtu aliyevunja kikombe katika nyumba ya watu.

Jumapili asubuhi begi lilikuwa limetoka chini ya ngazi. Lilikuwa mlangoni. Mwanangu alikuwa amesimama kando yake, amevaa koti na viatu, akingoja gari la kumpeleka uwanja wa ndege. Mke wangu alikuwa zamu hospitalini. Sikuwa nimesikia chochote, na sikuwa na hoja mpya.

Wakati huo simu ilipigwa. Jumapili asubuhi yetu ni jioni kule nyumbani, na dada yangu humshikia mama simu ili atuone. Akili ya mama wakati huo ilikuwa ikienda na kurudi. Siku nyingine alituuliza habari za majirani waliokwisha kufa, akangojea jibu. Mama huongea Kikuyu, na akimwona mwanangu huchanganya Kiswahili ili mumewe asikie. Niligeuza simu upande wa mlango waagane.

"Mume wangu," mama alisema. "Umeshavaa viatu."

"Mama, huyo ni mjukuu wako," dada yangu alicheka. "Yuko Amerika."

"Ninamjua. Wewe nyamaza. Unakwenda wapi na viatu?"

Mwanangu alitabasamu. Nadhani alingoja kudaiwa sukari. Alisema anakwenda kucheza, nami nikatafsiri.

Mama hakucheka.

"Wamekuja kukuita tena?"

Mwanangu alitazama viatu vyake.

"Siku ile nilikuambia nenda. Ulikuwa umekaa kitandani, ukasema hutaki, goti limeshaanza kukuuma. Nikakuambia nenda, usije ukasemwa kwamba mke amekufunga kwenye mguu wa kitanda. Viatu nilikupa mimi mwenyewe, kwa mkono huu." Aliuinua mkono mbele ya simu, ukajaa kioo chote. "Leo sikupi. Vua."

Katika maisha yangu yote sikuwa nimesikia kwamba baba alikataa kwanza. Katika habari tuliyoipokea, wenzake walimwomba naye akakubali. Hapakuwa na kitanda, hapakuwa na mkono wa mama. Nilimwona dada yangu pembeni ya kioo na nikajua kwamba hata yeye hakuwa amesikia. Ningeweza kusema ni akili ya mama inazurura. Lakini nilikumbuka kwamba kila jioni, miaka yote ile, mama ndiye aliyepiga magoti kumfungua baba kamba za viatu, na hakumruhusu mtoto yeyote kufanya kazi hiyo. Tulidhani ni mapenzi.

"Vua, mume wangu. Nakuomba."

Mwanangu alinitazama. Nilikuwa nimemwambia asicheze mara nyingi, kwa Kiingereza, kwa mpangilio. Sasa nilisema, "Baba, usiende," na sauti iliyotoka sikuwa nimewahi kuitumia mezani. Si mwanangu peke yake niliyekuwa nikimwambia.

Alikaa kwenye ngazi. Alifungua kamba, kiatu kimoja, kisha cha pili, akaviinua mbele ya simu ili mama avione. Kisha akajibu kwa Kiswahili, kwa maneno tuliyomfundisha akiwa mdogo.

"Nimevua, mke wangu. Siendi."

Mama alivuta pumzi ndefu. "Basi njoo ule," alisema. Dada yangu aligeuza simu ikatazama dari.

Gari lilikuja, likangoja, likaondoka. Mwanangu alimpigia kocha, kisha akampigia mrushaji, na mazungumzo ya pili yalikuwa marefu kuliko ya kwanza. Alasiri nilisikia zipu ya begi.

Mechi tuliitazama pamoja sebuleni, mchana: mwanangu, mke wangu, mimi, na rafiki yangu wa Manassas, ambaye siku hiyo hakutania. Mwanangu alikaa mbele kabisa. Kila mpira ulipoanza, mabega yake yalisogea kidogo kushoto. Kijana wa mwaka wa kwanza hakuwa mbaya. Kwa muda mrefu alisimama mahali anapotakiwa, nikaanza kupumua.

Kisha mara moja mguu wake uliteleza. Mwanangu alikuwa ameshasimama kabla hatujaelewa. Mikono yake miwili iliinuka mbele ya kifua, ikasukuma hewa ya sebule yetu, na kwenye televisheni mtu mkubwa alipita mahali ambapo mikono hiyo ingekuwa. Mrushaji alikuwa akitazama mbele, mkono juu. Hakuona kitu. Alianguka mguu ukiwa chini yake.

Walirudia picha. Walipoirudia mara ya pili, mke wangu, ambaye ni muuguzi, alizima televisheni. "Inatosha," alisema.

"Inna lillahi," rafiki yangu alisema polepole.

Mwanangu alibaki amesimama, mikono bado iko juu.

Mwezi wa nne alichaguliwa. Majirani walikuja, kanisa lilikuja, maandazi yalikuja, na watu waliniambia nilimshauri vizuri. Hoja yangu ilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Nimeipitia mara nyingi kama ninavyopitia mtambo, na sioni palipolegea. Lakini habari ile hainirudii kwa njia hiyo. Inarudi kwa simu ya kesho yake baada ya mechi, ambayo mama ndiye aliyeidai, akakataa chakula mpaka dada yangu akapiga.

"Ulicheza?" alimuuliza mwanangu.

"Sikucheza, mke wangu."

"Nionyeshe."

Mwanangu alishusha simu mpaka kwenye magoti yake. Alilikunja moja, akalinyoosha, akalikunja la pili. Mama aliyatazama kwa makini, kama anayekagua viazi sokoni, na uso wake ukalegea kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu utoto wangu. Kisha ulikunjamana tena. Hatukuwa tumewaambia habari ya mrushaji. Dada yangu hakuijua, na mpira wa huku kule kwao hautazamwi. Nadhani mama alijua jambo moja tu: siku ile goti lilivunjika. Hilo kwake halikuwa na shaka.

"Basi aliyevunjika ni nani?" aliuliza.

Dada yangu alianza kusema kitu, mama akamnyamazisha kwa kiganja. Alingoja jibu.

"Rafiki yangu," mwanangu alisema, kwa Kiswahili.

Niliona midomo ya mama ikilijaribu neno moja, ikiliacha, ikilirudia.

"Nenda," alisema mwishowe. "Nenda ukamwone."

Mwanangu alinirudishia simu. Alipanda juu akavaa koti na viatu, akachukua ufunguo wa gari kwa safari ya kusini ambayo ingemchukua mpaka jioni. Nilibaki jikoni, mama bado ananitazama kutoka mkononi mwangu, nikamsikiliza mwanangu akishuka ngazi. Mguu, mguu. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, na nilijikuta nimezuia pumzi, nangoja fimbo.

Mama naye, upande wa pili, alikuwa ameinamisha sikio.