Mkono Kwenye Kofia

Huko Martos, kusini mwa Uhispania, kwenye mizeituni ya Jaén, mtu haulizwi anafanya kazi gani, anaulizwa anavuna shamba la nani. Kwa hiyo Fermín Ortega alipotangaza ujanani kwamba atafundisha taekwondo kwenye ghala la zamani la mafuta, walimcheka mpaka machozi. "Hayo mateke yako ya Kikorea yataangusha zeituni ngapi?" walimuuliza pale baa. Akawaacha wacheke. Mchana alikuwa shambani na fimbo yake akiangusha zeituni kama wenzake, jioni yuko ghalani na watoto wa watu, miguu peku, kwenye sakafu iliyonuka mafuta hata uipige deki vipi.

Bintiye wa pekee, Araceli, ambaye mji mzima ulimwita Celi, alikulia kwenye sakafu hiyo. Alikuwa mfupi, mbishi, na mguu wake wa kulia ulifika kichwani pa mtu kabla mwenyewe hajajua anapigwa. Alipotwaa ubingwa wa Andalucía, jimbo lao zima, wale wale wa baa walimbeba mabegani wakiimba "mtoto wetu, mtoto wetu!" Watu wa Martos bwana, hawana haya hata kidogo. Na kila alipopigana, kwenye kile kiti cha mwalimu pembeni mwa uwanja alikaa baba yake, kaptura imemkaa vibaya, akimfokea kwa jina la utotoni mbele za watu.

Halafu sukari ikaanza kumla Fermín macho. Hakumwambia mtu. Celi aligundua asubuhi moja wakati wa kifungua kinywa, baba alipomimina mafuta kando ya mkate, juu ya kitambaa cha meza, akaendelea kumimina.

"Baba, mkate uko huku."

"Najua ulipo! Mkono umeteleza."

Mkono haukuteleza. Celi alifuta meza. Alijua kitakachofuata. Kwenye taekwondo mwalimu hupewa kadi moja ya rufaa. Teke la mchezaji wake likigusa kichwa na kofia, ile yenye mitambo ya kuhesabu pointi, isihesabu, huinua kadi, waamuzi wakaitazama picha ya video upya. Akiwa sahihi hurudishiwa. Akikosea imekwenda, na hapati nyingine. Sasa mwalimu asiyeona ataiinua saa ngapi?

Mama yake, Remedios, alisema bila kuzunguka. "Mchukue yule mwalimu kijana wa Granada akukalie kitini. Baba yako apumzike."

"Bila baba sipigani."

"Kwa hiyo mwanguke wote wawili? Nyie Ortega mna vichwa vigumu, Mungu anisaidie!"

Ndipo Celi akabuni ishara yao, akamweleza baba: Nikigusa kichwa cha mtu kwa uhakika na pointi zisiingie, nitaweka mkono kwenye kofia yangu. Wewe usitazame teke, tazama mkono tu. Fermín, ambaye bado aliona mambo makubwa makubwa kama kupitia kioo chenye mvuke, aliinamisha uso. Aliona aibu, na Celi aliiona ile aibu, ikamuuma kuliko teke lolote alilowahi kula. Mwishowe baba akasema, "Haya. Mkono kwenye kofia." Mwaka mzima ishara hiyo haikuwaangusha. Hakuna aliyeishtukia.

Wakafika fainali ya taifa, Alicante. Mshindi angeitwa timu ya Uhispania, na Celi hakuwa ametaka kitu kingine tangu ana meno ya utoto. Mpinzani alikuwa Yaiza, msichana wa visiwa vya Canarias, mrefu, miguu haiishi. Celi akachukua raundi ya kwanza. Katikati ya raundi ya pili walikumbatiana, wakasukumana, kofia ya Celi ikapinda ikamziba jicho. Akaisukuma kwa kiganja irudi mahali pake. Basi. Kitendo cha kila mchezaji, kisicho na maana yoyote duniani, ila kwa mtu mmoja aliyekaa kitini.

Fermín akaruka juu na kadi yake. "Kichwa! Kichwa!"

Celi aligeuka. Alitikisa kichwa, lakini nani wa kuuona mtikiso huo? Waamuzi walitazama picha. Hakukuwa na teke lolote. Watu jukwaani wakaangua kicheko, na mmoja akapaza sauti, "Mzee, nenda kanunue miwani!" Kadi ikaenda. Raundi nayo ikaenda.

Ya tatu, ya kuamua, Celi alikuwa nyuma kwa pointi mbili, saa inakimbilia mwisho. Akajizungusha akautupa ule mguu wa kulia. Ukampata Yaiza kwenye kidevu, safi, Celi aliusikia mfupa kwenye unyayo. Ubao wa pointi haukusogea. Celi akaweka mkono kwenye kofia, akaukandamiza pale, akimtazama baba yake.

Fermín aliuona. Akainua mkono juu kabisa, na mkononi hamkuwa na kitu. Alibaki ameuinua hivyo hivyo mpaka kengele ikalia.

Walirudi kwa gari, Remedios anaendesha, hakuna aliyewasha redio. Walipoanza kuiona mizeituni, Fermín akauliza, "Lile la mwisho. Liligusa?"

"Halikugusa, baba. Nilishika kofia kubahatisha tu."

"Na lile la kwanza?"

"La kwanza kosa langu. Kofia ilipinda, nikasahau."

Fermín alicheka kidogo, kicheko kibovu. "Tangu mdogo hujui kudanganya, Celi. La kwanza umesema kweli. La mwisho nilisikia meno ya yule binti yakigongana. Macho yamekwenda, masikio ninayo." Akatafuta mkono wa bintiye, akaupata kwa kupapasa. "Tafuta mtu wa kukaa pale. Mimi nimekunyima Uhispania, sitakunyima tena."

Celi alilia mpaka Martos. Ile raundi angeisamehe. Baba kuacha kiti, hakuweza.

Kijana wa Granada alikuja, mwalimu mzuri, anayeona mpaka nyuzi za mkanda. Timu ya taifa haikumwita Celi mwaka uliofuata, wala ule mwingine, kwa kuwa Yaiza alishakamata nafasi na hakuiachia. Celi akabaki kupigana mashindano ya mkoa, ghalani jioni akifundisha watoto.

Siku moja kule Jaén mjini teke lake lilimgusa mtu kichwani, pointi hazikuingia, na mkono wake ukapanda wenyewe kwenye kofia. Kijana wa Granada akafoka, "Acha kushikashika kofia, piga!"

Jukwaani, Fermín alimgusa mkewe. Sasa alikuwa haoni kabisa. "Anafanya nini?"

"Ameshika kofia," Remedios akasema.

Fermín akasimama katikati ya watu, akainua mkono wake mtupu.