Kumrekodi Namba Tisa

Kaburi la ndugu yangu mdogo halina yeye ndani. Aliondoka kuvuka ziwa kwa boti ndogo kutoka gati la Luanda Kotieno, boti ikapatikana, yeye hakupatikana. Baada ya siku za kutafuta, wazee walifanya kinachofanywa kwetu mtu asipopatikana: walikata tunda la yago, mti ambao Kiswahili cha vitabuni huuita mwegea, wakalifunika shuka na kulizika kwa maombi yote. Tunda hilo ni refu na zito kama mkono wa mtu mzima. Wakati huo nilikuwa na shahada mbili, na zote mbili hazikunisaidia kujua niangalie wapi. Mama hakulia. Aliniambia baadaye kwamba alikosa cha kushika.

Miaka mingi ilipita kabla sijaigusa mashine ya gemu aliyoiacha, ambayo Mama alikuwa ameifunga kwa khanga na kuiweka kwenye sanduku chini ya kitanda. Niliifungua kwa sababu isiyo na heshima: nilitaka kuandika insha kuhusu ujana wetu na nilikuwa nimekwama aya ya pili. Televisheni yake ilishakufa, kwa hiyo niliagiza kifaa kidogo cha kunasia picha, kile kinachochomekwa kwenye laptopu upande mmoja na kupokea nyaya za mashine upande wa pili. Nikaenda nacho nyumbani kwa Mama, karibu na ziwa, Jumamosi asubuhi.

Ndugu yangu alikuwa na gemu moja tu ya maana, ya mpira, na alikuwa amefuta majina ya wachezaji wa timu moja na kuandika ya watu wa nyumbani. Nililikumbuka hilo nikiwa nimeshachomeka nyaya, nikamwambia Mama bila kufikiri. Baba, ambaye sasa naye ametangulia, alikuwa golini. Mama alikuwa beki. Mimi nilikuwa benchi.

"Na yeye mwenyewe?" Mama akauliza.

"Namba tisa."

Alivuta kiti, akakaa. "Kwa hiyo yuko humo."

"Jina lake limo, Mama."

"Mimi nimesema nini?"

Tatizo lilikuwa kadi. Majina hayakukaa kwenye gemu bali kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu inayochomekwa mbele ya mashine, na kadi hiyo ilikuwa inakufa. Mashine iliisoma mara moja, ikaikana mara tatu, ikaisoma tena, ikatuuliza kama tungependa kufuta kila kitu kilichomo. Nilielewa kwamba kila kuwasha kungeweza kuwa kwa mwisho. Mama naye alielewa, kwa sababu aliacha kuniuliza habari za kazi.

Jumamosi ile picha ilikuja ya kijivu. Uwanja wa majivu, watu wa majivu wakikimbia na vivuli vya majivu. Nilibadilisha waya mara mbili na kuulaumu umeme wa kijijini, halafu nikagundua kwamba mashine ililetwa kutoka ng'ambo na hutoa rangi kwa mfumo wa huko, nami nilikuwa nimeiagiza laptopu itarajie mfumo wetu. Nilibonyeza mara moja, nyasi zikawa kijani. Mama alitazama, akasema kijivu kilikuwa kinafaa zaidi.

Kisha nikafungua orodha ya kikosi, na skrini ikawa nyeusi.

Haikuzimika. Muziki wa gemu uliendelea kupiga, ule muziki mchangamfu wa menyu, ukitoka ndani ya giza. Nilirudi nyuma kwa kubahatisha, picha ikarudi. Nikafungua majina, giza. Mechi ilionekana vizuri, lakini kila nilipokaribia mahali majina yalipoandikwa, picha ilifungwa kama mlango, na nyuma yake muziki. Nilijaribu mara sita. Mara ya sita Mama alinishika bega.

"Acha. Hataki."

"Mama, ni waya."

"Umebadilisha waya."

Nilirudi Kisumu na sikulala vizuri, jambo ambalo sikulikiri kwa mtu yeyote. Asubuhi niliipeleka hadithi yangu sokoni Kibuye, kwa fundi mmoja anayeuza redio na video za mitumba chini ya turubai la bluu. Alikigeuza kifaa changu kama mtu anayekagua samaki wa juzi.

"Profesa, hiki kitoto ni cha kisasa," alisema. "Kimezoea kulishwa kwa kijiko."

Mimi si profesa, lakini Kibuye cheo hupewa kabla ya tusi.

Alinieleza. Gemu za zamani hubadilisha picha katikati ya safari: mechi huchorwa kwa mistari michache, kurasa za maandishi kwa mistari maradufu. Televisheni ya zamani haikujali. Kifaa changu kikiona mabadiliko hayo hudhani waya umechomolewa, kinafumba macho.

"Kwa hiyo si..." Nilisita.

"Si nini?"

"Si kitu."

"Ulidhani ni majini? Na kusoma kote huko?" Alimgeukia mama muuza nyanya wa jirani. "Mama, Profesa amekuja tumwombee laptopu."

"Mwombeeni kwanza yeye," mama huyo akasema, bila kuinua macho.

Fundi alichomoa chini ya meza mashine pana ya kurekodi DVD, yenye vumbi la miaka. "Mkalishe mzee huyu katikati, kati ya mashine yako na hicho kitoto. Yeye humeza kila kitu na kukitoa kwa mwendo mmoja."

Jumamosi iliyofuata nilimkalisha mzee katikati. Kadi ilikataa mara nane. Mara ya tisa ilisoma, nikaanza kurekodi, nikafungua orodha, na giza halikuja. Majina yalipanda moja baada ya jingine, yale marefu yakiwa yamekatwa mwisho kwa kukosa nafasi. Nilimsomea Mama kwa sauti. Tulipofika namba tisa aliniomba nisisome, kwamba herufi hizo anazijua.

Nilianzisha mechi na kuweka kidhibiti sakafuni ili niangalie laptopu. Wote walikimbia. Baba aliruka golini kwake. Namba tisa pekee alisimama katikati ya uwanja, mshale mdogo juu ya kichwa, wenzake wakimpita pande zote.

"Mbona yeye hakimbii?"

"Huyo ndiye wa kuchezwa na mtu. Wengine wanachezwa na mashine. Anasubiri mtu amshike."

Mama alimtazama kwa muda. Dakika nne; najua kwa sababu rekodi inazo. Halafu aliinama, akaokota kidhibiti, ambacho yeye hukiita rimoti, akasukuma kijiti kwa kidole gumba. Kupita kwenye mashine mbili kulichelewesha picha, kwa hiyo namba tisa alikaa kidogo kabla ya kuanza kwenda.

"Ndivyo alivyokuwa," Mama alisema. "Unamwita, anafikiria kwanza."

Alimpeleka moja kwa moja hadi ukingoni mwa uwanja, akamrudisha, akampeleka tena. Hakujali mpira hata kidogo. Tulifungwa mabao matano na hakuna aliyetaja jambo hilo.

Kadi haikusomeka tena baada ya siku ile. Nilichoweza kumpa ni rekodi, nikaiweka kwenye simu yake. Haangalii majina. Anapeleka kidole hadi pale namba tisa anapoanza kutembea, anamwonyesha yeyote aliye karibu, anasema, "Hapa ndipo nilipomshika."

Mimi huangalia mbele kidogo. Pale Mama aliporudisha kidhibiti sakafuni, namba tisa anasimama. Kisha anageuka na kutembea hatua saba kuelekea upande tuliokaa. Nimemweleza Mama kwamba vijiti vya mashine za zamani huchakaa na kujisukuma vyenyewe. Ni kweli kabisa. Sijamweleza kwa nini kijiti hicho hicho kililala sakafuni dakika nne za kwanza bila kumsogeza, naye, kwa heshima anayonipa tangu nihitimu, hajaniuliza.