Shemeji Éliézer na Kijitabu cha Tatu cha Parachuti

Shemeji yangu Éliézer ana kabati la mbao lenye kufuli mbili, na ndani yake hamna pesa, hamna nguo, hamna hata chupa ya kukaribishia wageni. Mna vitabu vya kufundisha watu kujishonea parachuti nyumbani. Nasema mapema, msomaji asije akadhani kwamba mbele huko nitafika kwenye jambo lenye akili zaidi. Sitafika.

Ni fundi cherehani hapa Kalemie, na ni fundi kweli, hilo simnyimi. Ukiona kanzu ya padri imekaa vizuri mabegani, uliza, utaambiwa ni mkono wake. Alimuoa dada yangu mkubwa, Alphonsine. Mtoto wao wa kwanza ni Samy, kwa hiyo mtaa mzima unawaita Papa Samy na Mama Samy. Mimi ninamwita shemeji, maana ushemeji unaniruhusu kumwambia ukweli.

Wazimu huu ulianza mwaka 1981, naye ana miaka kumi na minane. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu, Mwalimu Barnabé, mtu mrefu, mkali, mwenye hoja moja tu duniani. Huku kwetu, alisema, ukienda kwenye kilio unabeba kiti chako, kwa sababu hujui kama wenye msiba wanavyo vya kutosha. Sasa kwa nini mtu apande ndege mikono mitupu? Kila msafiri na aende na parachuti yake, aliyoshona mwenyewe, asimsumbue rubani. Akaandika vijitabu vitatu, akavichapa kwa stensili, akafungua darasa la kila Jumamosi. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege mpaka anakufa.

Kijitabu cha Kwanza kilikuwa cha kushona. Cha Pili kilikuwa cha kukunja. Cha Tatu, cha kufungua, kilikuwa karatasi moja tu, na Mwalimu hakumpa mtu kabla hajafaulu mtihani wa vile viwili vya mwanzo. Wanafunzi ishirini na wawili waliketi kwenye mtihani. Akafaulu mmoja, kijana wa Kirungu aliyeitwa Fidèle, naye akapewa karatasi yake, akarudi kwao milimani. Shemeji yangu alipata arobaini na nane kwa mia. Alifelishwa na kukunja. Mpaka leo usimtajie.

Mwalimu alipofariki, vijitabu vilitawanyika, na karatasi nzuri huku kwetu haikai bure. Zikafungia kalanga, zikafungia ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Kwa miaka arobaini shemeji yangu amezifuata moja moja. Ananunua kalanga, anazimimina mfukoni, halafu anafungua ile karatasi ya kufungia na kuisoma pale pale sokoni, mama muuzaji akimtazama kwa huruma. Ukurasa wa kumi na nne alioupata una mafuta ya samaki hadi leo, na paka wote wa mtaa wanalijua kabati lile. Kila ukurasa anaunyoosha kwa pasi ya makaa iliyopoa kidogo, juu yake kitambaa cha kitani, kisha anaushona na wenzake kwa uzi wa kanzu. Uliochakaa anaunakili kwa mkono. Na hagusi kitu! Kwenye Kijitabu cha Kwanza kuna mchoro wa mtu anayeshuka kutoka angani, na mtu huyo ana miguu miwili ya kushoto. Nilimwambia, shemeji, unaponakili si ungemrekebishia mguu mmoja? Hakusema nami siku nne.

Basi mwaka jana cha Kwanza kilikamilika, cha Pili kikakamilika, na macho ya dada yangu yakafunga. Mtoto wa jicho kulia na kushoto. Daktari alisema macho hayo yanataka mashine iliyoko Lubumbashi, tena kabla mwezi haujaisha, la sivyo asilaumiwe mtu. Treni ya kupitia Kabalo tulijua ingemfikisha siku yoyote inayojisikia. Ilibaki ndege.

Nilikuwepo shemeji alipomwambia.

“Mama Samy, ndege njo inaenda kisha ya juma mbili. Tukutafutie nafasi.”

“Mutafute,” dada akasema. “Na weye uniletee parachuti yangu.”

Shemeji akacheka. Dada hakucheka.

“Mama, ile ni makaratasi. Ile njo mambo ya kuchunga tu, ya kumbukumbu.”

“Miaka makumi ine unaniambia iko kitu ya kuokoa bantu. Minalala na harufu ya samaki ndani ya chumba juu ya kitu ya kuokoa bantu. Leo ni makaratasi?”

Nikagundua kitu ambacho pengine hata shemeji hakukijua: katika nyumba ile, aliyeamini parachuti alikuwa dada yangu. Mumewe aliamini karatasi.

Dada akaapa hatapanda ndege bila parachuti, na mimi namjua tangu tumboni mwa mama yetu, haapi ovyo. Shemeji akakaa kwenye cherehani. Kitabu kinataka vipande ishirini na vinne vya kitambaa kisichopitisha upepo. Mama wa parokia wakatoa vikwembe vyao vya jubilei, vitenge vyote vya rangi moja, kila kimoja na picha ya kanisa. Siku ya nne parachuti ikalala uani, makanisa ishirini na manne yakitazama mbinguni. Akaikunja kwa Kijitabu cha Pili, akaitia kwenye mfuko wenye mikanda, akamvisha mkewe.

Dada akapapasa mikanda yote. “Na inafunguka namna gani?”

Shemeji akaanza kukaza mkanda uliokwisha kukazwa.

“Papa Samy. Inafunguka namna gani?”

“Ile iko ndani ya cha Tatu,” akasema. “Na cha Tatu siko nayo.”

“Basi siendi.”

Kesho yake asubuhi shemeji alipanda boti hadi Moba, na kutoka Moba akapanda pikipiki hadi Kirungu, akimtafuta Fidèle, mtu pekee aliyefaulu. Fidèle alikuwa amekwisha kufariki. Mjane wake, Mama Carmel, alimpokea vizuri, akampa viazi, akamwambia karatasi ya Mwalimu ipo, haijapotea, iko pale pale mbele ya macho yake.

Ilikuwa ukutani. Kirungu kuna baridi, na watu hubandika karatasi kwenye kuta za udongo ili upepo usipenye. Marehemu aliibandika karatasi yake ya ushindi karibu na kitanda, kwa uji mzito wa muhogo. Na kwa kuwa ilikuwa imechapwa upande mmoja tu, na mkewe alipenda ukuta mweupe, maandishi waliyageuzia kwenye udongo.

“Haibanduki,” alisema Mama Carmel. “Unaweza kuvunja ukuta, Papa, sikukatazi. Lakini utanijengea mwingine mbele jua halijaingia. Sitalala na shimo.”

Shemeji yangu, fundi wa kanzu, akajenga ukuta. Nasikia umeinama kidogo, na Mama Carmel amehamisha kitanda. Kile kipande cha zamani akakifunga kwenye blanketi, akakishusha mlima kwa pikipiki, amekipakata mapajani. Bandarini mtu mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni akamuuliza amebeba nini.

“Kitabu.”

Yule akafunua blanketi, akagonga udongo kwa kidole. “Hii ni ukuta.”

“Kitabu iko nyuma.”

Akaandikiwa cheti: ukuta, kipande kimoja, wa kusafiri na mwenyewe. Cheti hicho nacho kiko kabatini, kimenyooshwa kwa pasi.

Alifika nyumbani zikiwa zimebaki siku mbili ndege iondoke. Tukaweka sufuria ya maharage motoni, tukashikilia ule udongo juu ya mvuke, mimi upande mmoja yeye upande mwingine, mikono ikituungua. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, uso ameuelekeza kwetu, haoni kitu ila mwanga. Saa tisa mchana karatasi ikajivua, nzima, bila kuchanika. Shemeji akaigeuza.

Juu kabisa palisomeka: KIJITABU CHA TATU, KUFUNGUA. Chini yake hapakuwa na neno. Uji na mende na miaka vilikuwa vimekula wino mwingine wote.

“Imetoka?” dada akauliza.

“Imetoka,” akasema shemeji.

“Soma.”

Shemeji yangu hakuwahi kuongeza hata nukta katika maandishi ya Mwalimu. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akakohoa, akasoma kwa sauti ya ualimu ambayo sijamsikia nayo kabla wala baadaye.

“Moja. Msafiri ahesabu mpaka saba bila haraka, kama anayehesabu watoto wake wakati wa kula. Mbili. Avute kamba ya kulia, mara moja, kwa nguvu ya mtu anayeteka maji. Tatu. Asitazame chini. Atazame mbele, kwa sababu mbele kuna watu wanaomngoja.”

Dada akarudia midomo ikicheza, moja, mbili, tatu. “Ni hiyo tu?”

“Ni hiyo tu.”

“Sasa ile muliogopa nini kuifundisha? Ni rahisi.” Akainuka kwenda kufunga nguo zake.

Mimi nilitaka kucheka, nikashindwa. Nimemtania shemeji yangu miaka mingi, lakini siku hiyo nilimpenda.

Ila shemeji hakwenda na mkewe. Alisema panya wataingia kabatini. Nikaenda mimi, na aibu yake nimeibeba mimi. Dada aliingia ndegeni na mfuko mgongoni, akakaa kwenye ncha ya kiti maana nyuma hapakubaki nafasi. Tulipopaa tu, ndege ikatikisika, na baba mmoja aliyekaa upande wa pili, Chérubin, mchuuzi wa samaki, akainama kwetu.

“Mama, ile inabeba bantu ngapi?”

“Inabeba muntu na yake,” dada akamjibu. “Weye ulikuja bila kiti?”

Lakini ana moyo mwema, akamfundisha. Baada ya muda safu nne za watu wazima zilikuwa zinahesabu mpaka saba bila haraka. Tulitua Lubumbashi kwa magurudumu, na nikaona dada amenuna kidogo.

Daktari alifanya kazi yake vizuri, Mungu ambariki. Alisema tu kwamba baada ya miezi sita mgonjwa arudi aangaliwe tena. Baada ya wiki tatu tukarudi kwa ndege ile ile, na dada akashuka ngazi bila kushikwa mkono. Alimwona mumewe, akamwambia amezeeka. Tukafika nyumbani. Hata maji hakunywa.

“Papa Samy, leta cha Tatu. Minataka kusoma na macho yangu.”

“Docteur alisema upumuzishe macho, mama.”

“Leta.”

Akafungua kufuli ya kwanza, akafungua ya pili, taratibu kama mtu anayepelekwa kwa jaji. Akampa. Mimi nikatazama miguu yangu.

Dada akaisogeza karatasi karibu, akaisogeza mbali. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Kisha akaanza kusoma kwa sauti. Moja, msafiri ahesabu mpaka saba bila haraka, kama anayehesabu watoto wake wakati wa kula. Mbili. Tatu. Neno kwa neno, kidole kikitembea kwenye karatasi tupu. Nikamsikia shemeji akianza kupumua.

“Ya ine,” dada akasema.

“Iko ya ine?”

“Iko. Ulisoma haraka, ukairuka.” Kidole kikashuka mstari mmoja chini. “Ine. Bwana ya msafiri asibaki ku nyumba anachunga makaratasi. Apande naye, amushike mukono, sababu bibi yake aliogopa sana, na hakuwa na muntu wa kumwambia.”

Shemeji akatoa penseli sikioni, akaichukua karatasi kutoka mkononi mwa mkewe, akaiweka juu ya meza ya cherehani.

“Rudilia pole pole, mama,” akasema, “niandike.”