Waridi Halipandwi Kama Muhogo

Sinia lilirudi saa nne asubuhi, limefunikwa kanga ileile aliyolifunika Bi Mwanvua kwa mkono wake. Alilipokea mlangoni, akafunua. Mawaridi arobaini, mekundu na meupe, aliyoyakata alfajiri umande ukiwa bado mzito, yalikuwa yamelala vilevile alivyoyalaza. Hakuna hata moja lililoguswa.

Aliyelileta alikuwa dada wa Hadija, mwenye harusi. Alisema Hadija anashukuru sana, lakini maua ya bibi harusi wameshayapata dukani, ya plastiki. Alisema akitazama vidole vya miguu yake, na alipokaribishwa ndani hakuvuka kizingiti.

Hadija alikuwa anamwoza bintiye siku hiyo. Wiki mbili nyuma alikuja mwenyewe kuyaomba maua hayo, akakaa, akanywa chai, akachagua hata rangi. Bi Mwanvua hakuhitaji kuuliza kilichopita katikati. Alikisikia kwa vipande, kisimani na sokoni: kwamba akikupa kijiti cha waridi, anakupa kijiti tu, roho ya ua anabaki nayo mwenyewe. Kwamba ndiyo maana kwake yanachanua na kwa wenzake yanakufa. Neno hilo lilikuwa la Mwasiti, jirani yake wa nyumba ya tatu.

Mtu wa mbali angecheka. Bi Mwanvua hakucheka, kwa sababu ya macho yake.

Amezaliwa Ujiji, amekulia Ujiji, na kwa miaka ishirini na miwili alibanika samaki, migebuka wa ziwani, ufukweni Katonga. Aliamka kabla mitumbwi haijarudi, akanunua, akapasua, akapanga samaki juu ya chanja, kisha akainama kwenye moshi mpaka jioni. Moshi ulisomesha watoto watatu. Ulimzika mume kwa heshima. Na ulimwachia macho mekundu ambayo hayajawahi kurudi meupe, hata baada ya daktari kumwambia achague, moshi au macho. Akachagua macho, akabaki nyumbani mikono haina kazi, watoto wote wako mbali. Mjane, peke yake, macho mekundu, yale ambayo watu huyaita ya mchawi. Kila mtu anajua neno la namna ile likimwangukia mwanamke wa namna hii linaweza kuishia wapi.

Kijiti cha kwanza alipewa na Honorata, muuguzi aliyekuwa akimtia dawa ya macho. Alimwambia achague tawi lililokomaa, nene kama penseli, alikate kwa mshazari chini ya jicho, pale jani linapochipukia, aondoe majani ya chini, alisimamishe nusu ndani ya udongo mwepesi wenye samadi iliyooza, alifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, aliweke kivulini. Kisha ajitahidi kulisahau, Honorata alisema, na hilo la kusahau ndilo gumu. Bi Mwanvua hakusahau. Kijiti cha kwanza alikizamisha kwa maji ya mapenzi. Cha pili alikichomoa kila asubuhi atazame kama kimeota mizizi, nacho kikachoka kutazamwa. Cha tatu kiliishi. Leo ni miaka saba, na kati ya jiko na ua wa mabati kuna mashina kumi na moja, na harufu yake asubuhi inawahi kufika barabarani kuliko yeye.

Kila mvua zinapoanza alipunguza matawi na kugawa vijiti. Hakumnyima mtu. Aligawa na maneno yake pia, yaleyale ya Honorata, na aliyoyapata mwenyewe: maji uyatie shinani, majani yasilale mabichi, maji ya kuoshea samaki wabichi ni chakula kizuri, kikombe kimoja kwenye ndoo, shina likishashika. Watu walipokea vijiti. Maneno waliyaacha palepale mlangoni.

Alilifunika sinia, akaliweka chumbani penye baridi, akatoka.

Mwasiti alikuwa barazani na majirani wawili, wanachambua dagaa kwenye mkeka. Bi Mwanvua aliitikia shikamoo zao, hakukaa. Alimwomba Mwasiti amwonyeshe alipopanda kile kijiti alichompa.

"Kipi? Kilichokufa?" Mwasiti alisema. "Si kipo nyuma huko."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tuta. Tuta zuri, la mkono unaojua jembe, refu na laini kama la shambani. Bi Mwanvua alipiga magoti, akafukua kwa vidole. Hakufika mbali. Kijiti kilikuwa kimelazwa ubavu ndani ya tuta, chote, cheusi, kimelainika. Na udongo wa juu ulikuwa umeganda ukoko mweupe. Aliuchukua kidogo, akauweka ulimini, akatema.

"Hiki hukukipanda, Mwasiti. Umekizika."

"Muhogo naulaza hivi tangu nimeolewa," Mwasiti alisema, "na nyote mnakula ugali wake. Mimi wa kufundishwa kuchomeka mti?"

Jirani mmoja aliangua kicheko, akakimeza alipoona anacheka peke yake.

"Nilikwambia kisimame, nusu nje, jicho litazame juu."

"Ulisema."

"Nikakwambia maji ya samaki wabichi. Ukoko huu ni wa maji ya dagaa wa chumvi."

"Maji ya samaki ni maji ya samaki, mwenzangu."

Bi Mwanvua alisimama, magoti yana udongo. Sauti yake haikupanda. Wale majirani walisema baadaye kwamba ingekuwa afadhali ipande.

"Sasa niambie mbele ya hawa. Roho ya ua nilibaki nayo wapi?"

Mwasiti alitazama shimo. Alisema yale yalikuwa maneno ya mkekani tu, mtu anasema huku mikono inafanya kazi, hakumaanisha.

"Maneno ya mkekani yamenirudishia sinia la harusi. Naishi peke yangu, Mwasiti. Macho yangu unayajua yalivyokuwa hivi, tulibanika pamoja. Neno lako likimfika mtu mwenye panga, ni nani atakayemwambia lilikuwa la mkekani?"

Hapo Mwasiti aliacha kujitetea. Aliomba radhi, na aliomba kweli, machozi yalimtoka. Bi Mwanvua alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza alilipeleka neno lile nyumba ngapi. Mwasiti alifikiri, akasema sita.

"Vaa ndala."

Walikwenda nyumba sita, Mwasiti mbele, Bi Mwanvua nyuma. Nyumba ya kwanza Mwasiti alisema kwa kifupi kwamba kijiti kilikufa kwa bahati mbaya, na kutoka nyuma yake akasikia, "Sema na ile ya muhogo." Akasema ya muhogo. Nyumba ya pili akasema ya muhogo na ya chumvi. Kufikia ya tano alikuwa amezoea, watu walicheka, naye akacheka nao, na Bi Mwanvua akamwacha acheke. Mjinga aliyekubali kufunzwa hana deni.

Nyumba ya sita ilikuwa ya Hadija. Turubai limefungwa, masufuria ya pilau yako motoni, wanawake wamejaa uani. Hadija aliwavuta pembeni, akasikiliza haraka haraka huku akifuta mikono, kisha akamshika Bi Mwanvua bega na kutabasamu.

"Mimi hata sikuyaamini, dada yangu. Tangu mwanzo nilijua ni uongo. Niliogopa watu tu, watasemaje."

Bi Mwanvua aliutoa ule mkono begani. Hasira yote ya asubuhi aliiona kuwa ilikuwa ndogo.

"Mwasiti alisema asichokijua. Wewe ulijua, ukanyamaza, ukarudisha."

Hadija alisema basi, yaishe, sinia liletwe, muda bado upo, bibi harusi hajatoka.

"Haliletwi. Limerudi kweupe, mtaa mzima unatazama. Ukilitaka, ulifuate mwenyewe, kwa njia ileile, na utakayekutana naye umwambie unakwenda wapi."

Hadija alitazama masufuria, akatazama wageni. Hakuna aliyemsaidia. Mwishowe aliifunga kanga yake vizuri kifuani, akatoka. Hawakupita nyumba mbili, mzee mmoja aliyekaa kibarazani akashangaa: mama wa harusi, anakwenda wapi saa hizi?

"Nafuata maua," Hadija alisema chini chini, bila kusimama, "kwa Bi Mwanvua."

"Hajasikia," Bi Mwanvua alisema nyuma yake. "Rudia."